Kilima cha Mwalimu Ndahani

Habari za msiba nilizipata kwa Maganga, na nilizijua kabla hajazitamka, kwa sababu alianza na salamu. Katika miaka yote tuliyojuana Maganga hajawahi kunisalimia kwenye simu. Huingia moja kwa moja na kejeli zake, huuliza kama bado nina roho, hucheka mwenyewe, ndipo anasema kilichomfanya apige. Asubuhi ile aliuliza hali yangu, akauliza hali ya nyumbani, akauliza mpaka mvua za Morogoro. Nikamwambia, "Maganga, sema." Akasema Mwalimu Ndahani ametutoka, wanamzika kwao Mvumi keshokutwa, na yeye anatangulia kwa sababu ana kazi ya kufanya kule. Sikumuuliza kazi gani. Mnyamwezi anayekwenda kumzika Mgogo ana kazi inayojulikana: ni mtani wake, na mazishi ya upande ule yakikosa mtani watu hurudi makwao wakinong'ona kwamba marehemu hakupewa haki yake.

Nilikwenda Dodoma kwa treni ya umeme. Nilikaa dirishani nikiangalia vichaka vikipita kwa kasi, na nikajikuta nasema kwa sauti, "Umeme, Mwalimu! Umeme mpaka kwenye reli," hadi dada aliyeketi pembeni yangu akaniangalia kwa huruma. Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Mimi ni mtu mzima sasa, miwani yangu ni mizito na wajukuu wa dada yangu wananiita bibi, lakini kuna mwaka mmoja ambao kila nikiurudia mikono inapoa. Ni mwaka niliosoma shahada ya pili Dodoma chini ya Mwalimu Ndahani, pamoja na Maganga, katika chumba kimoja kidogo. Tangu mwaka ule nimeishi na swali moja kuhusu Mwalimu, na kwenye treni nilielewa kwamba aliyeweza kunijibu yuko kwenye jeneza.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya chini, kati ya stoo ya viti vibovu na choo cha wanaume. Chuo kilikuwa bado kipya, kiko juu mlimani, na upepo wa Dodoma ulipita kwenye majengo yale ukileta vumbi jekundu hata madirisha yakiwa yamefungwa. Tuliweka matambara ya maji chini ya mlango. Tulikuwa na kompyuta tatu, feni moja iliyolalamika, betri chakavu ambayo ilitakiwa kutusitiri umeme ukikatika na haikuwahi kumsitiri mtu, na meza ya mbao ambayo Mwalimu aliinunua mwenyewe kwa fundi wa Makole. Idara ilikuwa inakitamani chumba kile. Kila muhula mtu fulani alikuja na futi ya kupimia, akasimama mlangoni, akatutazama kama wapangaji waliochelewesha kuhama.

Na somo lenyewe watu walilicheka. Wanafunzi wa idara nyingine walikuwa wanachunguza maji ya visima, magonjwa ya mizabibu, udongo wa Chemba; sisi tulikuwa tunachunguza, kwenye kompyuta, jinsi uteute unavyoganda. Mwalimu hakuona aibu hata kidogo. Siku yangu ya kwanza alikuja na kibakuli cha mlenda kutoka nyumbani kwake, akakiweka mezani, akachovya kijiko na kukiinua. Uzi mrefu ukashuka, ukanyooka, ukakatika na kujirudi. "Zuhura, unaona nini?" Nikasema, "Mlenda, Mwalimu." Akatabasamu. "Mimi naona minyororo." Akanieleza kwamba ndani ya maji yale kuna molekuli ndefu ajabu, zinajikunja na kujikunjua muda wote. Sasa chukua molekuli za namna hiyo ambazo kila moja ina sehemu zinazonata. Sehemu moja ikikutana na nyingine, zinashikana. Zikishikana za kutosha, minyororo yote inakuwa wavu mmoja kutoka ukingo huu wa chombo hadi ule, na kitu kilichokuwa kikimiminika kinasimama. Hiyo ndiyo jeli. Mlenda wenyewe unaishia njiani, alisema, lakini maziwa mgando yanafika, na damu kwenye kidonda inafika. Swali lake lilikuwa moja: kama kimiminika kile hakikuachwa kitulie, kama kinatiririka huku kinajaribu kuganda, je, mtiririko unaisaidia minyororo kukutana au unaichana? Mama anayekoroga uji anajua kuna kukoroga kunakoshikisha na kukoroga kunakoharibu. Mwalimu alitaka kujua mpaka uko wapi, na kwa nini.

Kwa hiyo tulibuni kisanduku ndani ya kompyuta, tukakijaza minyororo, na tukayasukuma maji yake, tabaka la juu likienda kulia na la chini kushoto. Tulisukuma taratibu, kisha wastani, kisha kwa nguvu. Zaidi ya hapo kila mnyororo ulipaswa kugongwagongwa na maji yanayouzunguka, bila mpango wowote, kama inavyotokea kwa kitu chochote kidogo kilicho majini. Kompyuta haijui kufanya kitu bila mpango. Huzalisha mfululizo wa namba unaoonekana hauna mpangilio, na mfululizo huo huanzia kwenye namba moja ya mwanzo ambayo sisi tuliita mbegu. Mbegu ikibadilika, mfululizo unabadilika. Mbegu ikiwa ileile, namba zitakuja zilezile kwa utaratibu uleule mpaka mwisho wa dunia. Naomba msomaji anishikie hilo.

Majaribio ya mtiririko mkali yalikwisha kwa saa chache, lakini yale ya mtiririko wa taratibu yalikula siku nyingi, maana ilibidi tusubiri minyororo isafiri. Na umeme wa miaka ile ulikatika. Ulikatika asubuhi, ukakatika wakati wa chai, ukakatika pale tu ulipoinua kalamu kuandika kwamba leo haujakatika. Hapo ndipo Mwalimu alipoonyesha ufundi wake. Aliandika programu ndogo ambayo kila baada ya muda ilihifadhi mahali kila mnyororo ulipo. Umeme ukirudi, kompyuta iliwaka yenyewe, ikatafuta ilipoishia, ikaendelea. Aliipa jina Jogoo, kwa sababu ndiyo iliyotuamsha. Nadhani aliipenda kuliko shahada yake ya udaktari. Wageni walipokuja aliwaonyesha Jogoo kwanza, ndipo minyororo.

Mwaka ulipofika katikati, kilima kikatokea. Tulipochora grafu, mstari ulianzia chini pale ambapo maji yametulia, ukapanda vizuri kwenye mtiririko wa taratibu, halafu ukashuka mtiririko ulipokuwa mkali. Maana yake, kukoroga taratibu kulifanya jeli ishike mapema kuliko kutokoroga kabisa, na si mapema kidogo. Mwalimu aliitazama karatasi ile, akakaa, akavua miwani, akasema kwa Kigogo neno ambalo sikulielewa. Akaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Tangu siku hiyo tuliiita Kilima, na kila aliyeingia chumbani aliambiwa asimame akitazame. Akaalikwa kwenye mkutano wa watafiti nje ya nchi akaeleze Kilima chake, na yule mtu wa futi hakuonekana tena mlangoni.

Jumapili mchana tulikula kwake Makole. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya bati, ua umefagiliwa, sebule ina makochi yenye vitambaa vya kufuma na redio isiyozimwa. Mkewe, Mama Penina, alipika ugali wa uwele, mlenda wenye karanga, na kama kuna kuku aliniambia kabla sijaketi, "Huyu kachinjwa na Mzee Issa wa nyumba ya pili, kula bila wasiwasi mwanangu." Hakusahau hata mara moja. Tulinawa, tukakaa, na Maganga akaanza. "Mwalimu, shikamoo. Na huu mlenda leo mmeomba nyumba gani?" Mwalimu anaitikia marahaba kwa heshima zote, halafu: "Kula, mpagazi wewe, upate nguvu za kubeba. Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu, wakanywa maji yetu, hawakusema asante mpaka leo." "Tungesemaje asante, Mwalimu, na nyinyi mlishika kikombe kwa mkono mmoja na mwingine mmeunyoosha?" Mama Penina alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliinamia sahani yangu. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, kwetu mwalimu akifunga vifungo vya shati kombo unaangalia pembeni mpaka agundue mwenyewe, na niliwaonea wivu, nasema kweli. Nilimpenda Mwalimu kuliko Maganga alivyompenda, au niliamini hivyo, na sikuwa na njia ya kumgusa.

Ni katika nyumba ile nilimosikia maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Nilitangulia Jumapili moja, Maganga hajafika, nikaachwa sebuleni na redio. Mama Penina na Mwalimu walikuwa uani, yeye akipekecha mlenda, mumewe kasimama. Nilisikia upekecho ukizunguka ndani ya sufuria, kisha ukasimama. "Na wakikunyang'anya chumba?" Mama Penina aliuliza. Mwalimu akasema, "Nikirudi na kitu hiki mkononi hawanigusi tena. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba jambo kubwa linaweza kufanyika hapa, kwenye vumbi letu hapa. Hiki ndicho nilichowaahidi." Mama Penina akasema, "Umekonda, baba Penina. Kwa ajili ya uji ulio ndani ya kompyuta." Akajibu, "Nitanenepa nikirudi." Upekecho ukaanza tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufika, na mimi pale kwenye kochi nilifurahi kwa niaba yake hadi nikaona haya.

Kisha ukaja mkutano wa Bunge. Wenyeji wa Dodoma wa wakati ule watakumbuka tulivyokuwa tukisema: mji ukijaa wageni, umeme unatulia. Sijui kama ilikuwa kweli kila mara, lakini safari ile ulitulia. Mwalimu aliniomba nirudie jaribio moja la mtiririko wa taratibu ili apate mchoro safi wa kupeleka safarini. Jaribio likaenda mwanzo hadi mwisho bila kusimama hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kututokea. Na kilima hakikuwepo. Jeli ilishika polepole, sawa na maji yaliyotulia. Nilidhani nimekosea. Nikarudia, nikapata vilevile. Nikakaa mbele ya kompyuta nikiwa nimeshika magoti, feni inalalamika, na nikaanza kuwaza ni kitu gani kilikuwepo miezi yote ile na sasa hakipo. Kitu chenyewe kilikuwa giza la umeme kukatika. Nikafungua programu ya Jogoo na kuisoma mstari kwa mstari, na kosa likawa pale, halina hata haya ya kujificha. Jogoo alikumbuka kila mnyororo uko wapi. Hakukumbuka mfululizo wa namba umefika wapi. Kila umeme uliporudi alianza na mbegu ileile, kwa hiyo minyororo iligongwa upya kwa namna ileile, ikasukumwa kule kule ilikokwisha kusukumwa, tena na tena, mpaka ikakutana mahali ambapo isingekutana. Majaribio ya mtiririko mkali yalikuwa mafupi, yalimalizika kabla umeme haujakatika. Yale ya maji yaliyotulia Mwalimu aliyafanya zamani, alikosomea, ambako umeme haukatiki. Ya taratibu ndiyo yaliyokuwa marefu, ndiyo yaliyokatwakatwa. Kilima chetu kilikuwa picha ya kukatika kwa umeme wa Dodoma.

Nilikwenda ofisini kwake siku hiyohiyo. Nilibisha hodi, nikaingia, nikakuta suti imetundikwa nyuma ya mlango ndani ya mfuko wa dobi, na Mwalimu anajizoeza kusema hotuba yake mbele ya dirisha. Aligeuka akiwa na uso wa mtoto wa sikukuu. "Zuhura! Mchoro uko tayari?" Nilifungua mdomo. Nikasema, "Bado kidogo, Mwalimu. Nilikuja kuuliza kama utahitaji chai." Akasema chai amekunywa, ahsante. Nilirudi kwenye korido. Kwa adabu niliyolelewa nayo, hakuna sentensi ambayo mwanafunzi wa kike wa Kondoa anaanza nayo na kumalizia kwa kumwambia mtu kama yule kwamba kazi yake ya miaka ni kosa, na kosa ni la mkono wake mwenyewe. Nilizitafuta sentensi zile, wallahi, nilizitafuta nikiwa natembea, nikioga, nikiswali.

Ndipo nikamwita Maganga kantini, nikamweleza. Alisukuma sahani yake ya chipsi mayai kando, kwa Maganga hiyo ilikuwa dalili ya maombolezo. Aliniuliza maswali yote ya kuuliza. Nikasema, "Mwambie wewe." "Kwa nini mimi?" "Wewe ni mtani wake. Wewe hata ukimtukana anakuongezea paja la kuku." Maganga akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona. "Zuhura, utani si panga. Mimi simpi Mwalimu kejeli ya kumvunjia nyumba." Nikamwambia kwamba asipoambiwa na sisi atasimama mbele ya watu wanaojua kazi hii, na mmoja wao atamuuliza ulianzishaje upya baada ya umeme kukatika, na ataambiwa pale, na wageni, kavaa suti. Mwishowe akasema, "Nitasema Jumapili. Nitasema kama mtani, kwa sababu sina mdomo mwingine wa kumsemea. Akicheka na ikaishia hapo, basi. Mtani hasemi mara mbili."

Jumapili ile Mama Penina alikuwa amepika kama sherehe, kwa kuwa Mwalimu alikuwa anasafiri wiki ileile. Kulikuwa na kuku, mlenda, na zabibu kwenye bakuli la kioo. Maganga alisalimia, akanawa, akamega tonge, akalitazama. "Mwalimu," akasema, "mimi nilijua Wagogo mnaomba. Sikujua kama na kompyuta zenu zinaomba." Mwalimu tayari alikuwa anatabasamu, anasubiri. "Yule Jogoo wako. Umeme ukikatika analala. Ukirudi anaamka, anasogea kwenye minyororo ya watu, ananyoosha mkono, na maneno ni yaleyale. Si yanayofuata, Mwalimu, ni yaleyale ya jana, kuanzia namba ya kwanza. Ombaomba wa stendi angalau hubadilisha hadithi." Mama Penina alicheka. Penina, mtoto wao, alicheka kwa sababu mama yake amecheka. Mwalimu alicheka kuliko wote, akapiga paja, akasema, "Mpagazi huyu!" na mkono wake ukaenda kwenye bakuli la mlenda. Kisha macho yake yakanipitia mimi.

Mimi sikuwa nacheka. Sikupanga kutocheka. Ningeweza kucheka wakati ule, kila kitu kingeishia hapo na angekwenda safari yake, lakini uso wangu haukunitii. Tonge la Mwalimu lilisimama juu ya bakuli, uzi wa mlenda ukining'inia. Akaniangalia, akamwangalia Maganga, akarudi kwangu. "Zuhura." "Abee, Mwalimu." "Mbona wewe hucheki?" Machozi yalikuwa yameanza na nilikuwa nimeinamisha kichwa. Akauliza taratibu, kama anavyouliza darasani, "Mbegu ni ileile?" "Ndiyo, Mwalimu." "Kila umeme ukirudi?" "Kila ukirudi." "Umejuaje?" Nikasema, "Wakati wa Bunge haukukatika. Kilima hakikuja." Redio ilikuwa inatangaza vifo na mimi niliisikia kila jina. Mwalimu aliweka tonge chini, akanawa mkono mmoja, akaukausha kidole kimoja kimoja. Halafu akasema, "Mama Penina, waongeze mlenda. Watoto hawa wana kazi ndefu." Akainuka, akatoka uani. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye uzio, ametupa mgongo, mikono juu ya mabati, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama Penina hakumfuata. Alitupakulia, akakaa nasi, akasema, "Kuleni." Tulikula. Sijui kama nimewahi kula chakula kigumu kama kile.

Kesho yake asubuhi alikuwa chumbani kabla yetu. Alikuwa amekwisha kumtengeneza Jogoo, mistari michache tu, na anakibandua Kilima ukutani kwa ncha ya kisu, polepole, rangi ya ukuta isitoke. Alisema, "Tunarudia yote." Hakusema neno lingine juu ya jambo hilo, si la lawama wala la shukrani. Alisafiri kama alivyopanga, amevaa suti ileile, na kwa maelezo ya mtu aliyekuwepo alisimama na kusema: nilikuja kuwaonyesha kilima, nimegundua si kilima, na hivi ndivyo nilivyodanganywa na programu niliyoiandika mwenyewe. Aliporudi, mtu wa futi alirudi pia. Kabla mwaka haujaisha tulihamishiwa kwenye kona ya maktaba na kompyuta mbili. Majaribio mapya yalionyesha kwamba kukoroga taratibu hakuongezi wala hakupunguzi kwa kiasi cha kujivunia, na kukoroga kwa nguvu kunachana. Hiyo ndiyo tasnifu yangu. Ni ya kweli, na hakuna aliyewahi kuinukuu.

Kwa Jumapili kadhaa hapakuwa na utani Makole. Maganga alisema shikamoo, akaitikiwa, akala akiangalia sahani, na ukimya ule ulikuwa mzito kwangu kuliko hasira yoyote. Niliwaza kwamba nimewavunjia kitu ambacho hata si changu. Halafu siku moja Mwalimu, akimega ugali, bila kuinua macho, akasema, "Mpagazi, sogeza hilo bakuli, au unasubiri ulipwe?" Maganga alibaki ameachama. Mama Penina aliweka mkono kifuani. "Nasubiri uliombe vizuri, Mwalimu," Maganga akasema, huku analisogeza.

Lakini Mwalimu hakujenga kundi jingine la watafiti. Alifundisha fizikia ya mwaka wa kwanza mpaka akastaafu. Mimi nikapata nafasi ya kuendelea na masomo kwa barua yake ya pendekezo, nikawa mhadhiri, na kila mwanafunzi anayeniletea matokeo mazuri namuuliza kwanza, umeme ulikatika lini? Wananiona nina kichaa. Tulionana na Mwalimu mara nyingi, kwenye harusi ya Penina, kwenye mikutano, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuuliza kazi zangu. Sikuwahi kumuuliza. Tulimwokoa, au tulimvunja? Nilikuwa na miaka mingi ya kuuliza, na adabu ileile ikanifunga mdomo.

Mvumi niliwakuta wanawake chini ya turubai, masufuria yameinjikwa, upepo unapeperusha kanga. "Mbukwenyi," nilisalimia kwa Kigogo changu kibovu, wakaitikia kwa huruma. Mama Penina alikuwa ndani, kwenye godoro sakafuni, amezungukwa na ndugu. Nilipiga magoti, tukalia. Baada ya muda akanishika kidevu akasema, "Umekuja, binti wa Bunge." Sikuelewa. Akasema, "Alikuwa anakuita hivyo. Hukujua? Kila mwaka wanafunzi wapya wakija nyumbani lazima awasimulie habari za Jogoo. Anaigiza mwenyewe, anaruka na mabawa, anawika. Halafu anasema, walicheka wote, nami nikacheka, isipokuwa binti mmoja, na yule ndiye aliyenipeleka safari nikiwa mtu mzima." Nilitaka kuuliza zaidi lakini wakaita, mwili unatoka.

Makaburini mchungaji alipomaliza kusoma na vijana wakashika kamba, Maganga akajitokeza. Alikuwa amevaa sweta la kahawia la Mwalimu, alilokuwa akivaa miezi ya baridi, miwani yake ameishusha puani, na mkononi ana upekecho. Alitembea kama Mwalimu, kichwa mbele, mpaka watu wakaanza kucheka huku wanafuta macho. Akasimama kati ya jeneza na kaburi, akatanua mikono. "Haendi mtu hapa! Nani kampa ruhusa? Mgogo gani huyu anaondoka bila kuomba?" Watu wakaangua kicheko, wazee wa Mvumi wakigonga fimbo chini. Alipaswa kuendelea, maana mtani huchelewesha kaburi mpaka abembelezwe. Lakini Maganga alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya jeneza, upekecho ukaanguka vumbini.

"Mwalimu," akasema, "umeme umekatika. Sawa, tumezoea. Ila huko ukiwaka, tafadhali, usianze na namba zilezile."

Watu wachache walicheka, bila hakika, kwa kuwa ni mtani na mtani huchekewa. Nilimsikia Mama Penina nyuma yangu akitoa sauti ambayo ilikuwa nusu kilio. Maganga hakuinuka. Aliinua uso, akanitafuta kati ya watu, akaniangalia juu ya miwani ya Mwalimu kama Mwalimu alivyoniangalia siku ile mezani Makole, na nikajua anasubiri nini. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti mbele ya mchungaji na wazee wote, machozi yakinifika shingoni, nikacheka mpaka Penina akanishika bega. Maganga akaokota upekecho, akasogea pembeni, na wakamteremsha Mwalimu.